Kabla ya kumtupia jiwe, mtafutie mwenyewe

Leo nakuomba tuandamane hadi Kegonga, Kuria Mashariki, katika kaunti ya Migori, pembeni kabisa mwa nchi yetu karibu na mpaka wa Tanzania. Wenyeji wa huko ni wakulima wa mahindi na tumbaku, na tangu enzi za mababu ni wafugaji. Ng'ombe kwao ni mali, ni mahari na ni heshima. Na palipo na ng'ombe hapakosi mbwa, kwa sababu mchungaji anahitaji mwenzake malishoni na boma linahitaji sikio la usiku.

Lakini Kegonga, kama ulivyo mji wowote mdogo wenye soko, ina mbwa wa aina mbili. Wa kwanza ana boma lake, ana jina lake, na ukimpiga mwenyewe atakuja kukuuliza. Wa pili ndiye yule tumwitaye mbwa koko. Huyu amezaliwa chini ya kibanda cha mitumba na kukuzwa na mifupa ya bucha. Mchana analala kivulini na usiku anapekua mapipa ya hoteli. Watoto wakitoka shule humtupia mawe, mpishi humwagia maji moto, na mwenye duka humfukuza kwa teke. Akifa, hakuna anayeuliza.

Kisha kuna wale wachanga. Asubuhi moja watu wanapita na kukuta boksi la sabuni limeachwa kwenye mtaro, ndani yake vilebu vinne au vitano vinavyolia kwa baridi. Aliyeliweka alikuja usiku, akaliweka, akaenda zake. Wapita njia wanachungulia, wanatikisa vichwa, wanasema "maskini", kisha wanaendelea na safari. Mtoto wa darasa la nne ndiye anayesimama. Anarudi nyumbani mbio na kusema, "Mama, tumchukue mmoja?" Na mama, aliye na sufuria mkononi na mambo hamsini kichwani, anajibu, "Muulize baba yako."

Leo nataka tumjibu mtoto huyu sawasawa, kwani swali lake ni zito kuliko linavyosikika.

Nairobi kuna mlango wa kubisha

Kwa mkazi wa Nairobi, jibu lina pa kuanzia. Kipo chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama, kinachojulikana na wengi kwa herufi zake KSPCA, ambacho historia yake inarudi nyuma hadi mwaka wa 1910. Makao yake yako Karen, kando ya barabara ya Lang'ata. Huko hupelekwa mbwa na paka waliookotwa barabarani, waliogongwa na magari, waliopigwa, na wale ambao wenyewe wamehama au wamechoka nao. Wanatibiwa, wanachanjwa na kufungwa uzazi, kisha wanangoja mtu wa kuwachukua.

Anayetaka kumchukua mnyama huko hapewi tu akaondoka naye kama mtu aliyenunua kuku sokoni. Anaulizwa maswali, na nyumbani kwake hutazamwa. Je, kuna ua? Je, mbwa atalala wapi? Nani atamlisha mwenye nyumba akisafiri? Wengine huona hayo ni usumbufu. Mimi naona ni hekima, kwa sababu mnyama aliyekwisha kutupwa mara moja hafai kutupwa mara ya pili.

Huko Lamu, kwa upande wa punda, kuna hifadhi iliyoanzishwa mwaka wa 1987 ambapo punda wagonjwa, wazee na waliochoka hutunzwa. Basi jambo hili la kumpa makao mnyama asiye na pa kwenda si geni nchini mwetu.

Lakini je, Kegonga? Kutoka Kegonga hadi Karen ni safari ya siku nzima, na hakuna kondakta wa matatu atakayekubali boksi la vilebu wanaolia katikati ya abiria. Hata kama angekubali, kituo cha namna hiyo hakiwezi kupokea mbwa wa kila soko la Kenya. Kwa hiyo, msomaji wangu wa Kegonga, wa Kehancha, wa Ntimaru, wa Migori au wa Homa Bay, mlango wa kubisha ni wako. Mbwa wa mji wako ataokolewa na boma la mji wako, au hataokolewa kabisa.

Mbwa koko alitoka wapi?

Tumezoea kusema "mbwa wasio na wenyewe" kana kwamba walimea ardhini kama uyoga. Sivyo. Wataalamu waliochunguza mbwa wa vijijini upande wa pili wa mpaka, huko wilayani Serengeti, waligundua kwamba mbwa wengi wanaoonekana wakizurura kumbe wana wenyewe. Ni wa mtu fulani, isipokuwa mtu huyo hawalishi vya kutosha, hawafungi, wala hajui wamelala wapi.

Na yule ambaye kweli hana mwenyewe, aghalabu yeye au mama yake alikuwa naye. Mbwa jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 63, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, vilebu wanne hadi wanane kwa wakati mmoja. Mwenye boma huchagua dume moja la kulinda, akampa jirani lingine. Wanaobaki ni majike, na majike hawana soko. Hao ndio wa boksi la sabuni. Mwingine ni mbwa wa mfanyakazi aliyepewa uhamisho. Lori lilibeba kitanda na viti, mbwa akakimbia nyuma yake hadi akachoka. Mwingine aliugua ukurutu, manyoya yakamtoka, akafukuzwa kwa kuwa anatia aibu mbele ya wageni.

Kwa hivyo, tunapomwona mbwa koko sokoni tunatazama deni ambalo mmoja wetu alikataa kulilipa. Na deni hilo hulipwa na mtu mwingine, mara nyingi mtoto.

Deni hulipwa na mtoto

Nasema mtoto kwa sababu ya ugonjwa mmoja: kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka wa 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na haujatuaga hadi leo. Duniani kote unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Sababu yaeleweka. Mtoto ni mfupi, hivyo anaumwa usoni na kichwani. Mtoto hucheza na mbwa, humvuta mkia, humnyang'anya mfupa. Na mtoto akiumwa kidogo huficha, kwa kuogopa kuulizwa, "Ulikwenda kufanya nini kule?" Kidonda kinapona, watu wanasahau. Baada ya miezi miwili au mitatu, na wakati mwingine baada ya mwaka, anaanza kuwashwa pale alipoumwa, anapata homa, anaogopa maji. Dalili zikishaonekana, hakuna dawa inayojulikana ya kumrudisha. Nesi na daktari hubaki kumliwaza tu.

Ndiyo maana nimesema swali la yule mtoto wa darasa la nne ni zito. Kilebu aliye kwenye boksi anaweza kuwa rafiki yake kwa miaka kumi na zaidi. Kilebu huyohuyo akiachwa akue mtaroni bila chanjo, anaweza kuwa ndiye atakayemuuma mdogo wake.

Rungu na sumu havikusaidia

Wapo watakaosema: basi na wauawe wote, tupumzike. Fikira hii ni ya zamani, na imejaribiwa. Kisiwa cha Bali, huko Indonesia, kilivamiwa na kichaa cha mbwa mwaka wa 2008. Maelfu ya mbwa waliuawa, lakini ugonjwa uliendelea kutambaa kutoka kijiji hadi kijiji. Ulianza kurudi nyuma pale chanjo ya kisiwa kizima ilipofanywa kuanzia mwaka wa 2010.

Kwa nini rungu linashindwa? Kwanza, linaua mbwa aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, hivyo linabomoa ule ukuta mdogo uliokuwapo. Pili, watu wanaowapenda mbwa wao huwaficha au kuwahamishia kwa shangazi kijiji cha pili, na ugonjwa unasafiri nao. Tatu, mapipa ya soko hayahami. Ukiua mbwa watano leo, chakula walichokuwa wakila kinabaki, na wengine watano watakuja kukila. Na sumu, ndugu zangu, haichagui. Leo inakula mbwa, kesho inakula kuku wako au nguruwe wa jirani.

Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita, ukafa wenyewe. Kenya ilijiwekea mpango wa kitaifa mwaka wa 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo mwaka wa 2030, na nguzo ya mpango huo ni chanjo ya mbwa. Lakini hebu fikiria: afisa wa mifugo anapofika na sindano zake, ni nani atakayemshika mbwa koko wa soko amlete foleni? Hakuna. Mbwa aliye na mwenyewe ndiye anayechanjwa kwa urahisi. Kwa hiyo, kumpa mbwa mwenyewe ni huruma, na pia ni kazi ya afya ya kijiji kizima.

Watu wa Kuria wana ushahidi mwingine jirani. Mwaka wa 1994, simba wa Serengeti walianza kuanguka na kutetemeka, na wengi wakafa. Inakadiriwa kwamba theluthi moja ya simba wote wa eneo hilo, yaani wapatao 1,000, waliangamia, na ugonjwa ukavuka hadi Maasai Mara. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni ugonjwa wa mbwa uitwao distempa, na kidole kikaelekezwa kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka mbuga. Tangu hapo kampeni za kuwachanja mbwa wa vijiji hivyo zikaanzishwa. Ikiwa mbwa wasiotunzwa waliweza kumwangusha simba, sisi tusiokuwa na makucha tutasemaje?

Ukiamua kumchukua

Haya, tuseme baba ameulizwa, amekuna kichwa, amekubali. Mfanye nini?

Mosi, fanyeni kikao cha nyumba. Mtoto anaomba mbwa kwa siku moja, lakini mbwa anaishi miaka mingi. Semeni waziwazi nani atampa maji asubuhi, nani atafagia kibanda chake, na nani atatoa pesa za dawa. Nimeona katika nyumba nyingi kwamba mtoto ndiye anayeomba, baba ndiye anayekubali, na mama ndiye anayelisha. Kama mama hakuulizwa, mbwa huyo atarudi sokoni kabla ya mwezi kwisha. Na kama mna mbwa wawili tayari na mnawalisha kwa shida, msichukue wa tatu. Huruma isiyo na chakula ni mateso mengine.

Pili, mtoto asimwokote mbwa peke yake. Mtu mzima ndiye aende, tena mchana, akiwa na kipande cha gunia au nguo nzito mkononi. Mbwa mkubwa anayetoka mate mengi, ambaye taya limelegea, anayeyumba, anayeuma hata mawe na miti, au mkali ambaye ghafla amekuwa mpole kupita kiasi, asiguswe. Mwarifuni afisa wa mifugo au chifu mara moja. Na yeyote atakayeumwa au kukwaruzwa katika shughuli hii aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni na kilebu.

Tatu, chanjo kabla ya mapenzi. Siku chache za mwanzo mweke peke yake, mbali na mbwa wengine na mbali na watoto wadogo, kisha mwiteni afisa wa mifugo. Kwa kawaida kilebu huchanjwa dhidi ya kichaa akifikisha miezi mitatu, ingawa afisa aweza kumchanja hata mdogo zaidi akiona inafaa. Chanjo hurudiwa kama atakavyowaelekeza. Ombeni cheti na mkitunze pamoja na kadi za kliniki za watoto. Ila fahamuni kwamba chanjo haimwondolei ugonjwa mbwa aliyekwisha kuupata mtaroni. Kwa hiyo endeleeni kumchungulia kwa miezi kadhaa, na tabia yake ikibadilika ghafla, msikae kimya.

Nne, dawa ya minyoo, ya viroboto na ya kupe. Kilebu wa mtaroni ana tumbo kubwa na mbavu za kuhesabika, na hiyo ni minyoo. Minyoo ya mbwa huweza kumwingia mtoto achezaye mchangani, basi msichelewe. Msimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe bila kuuliza kipimo, maana ile iliyo ya ng'ombe ikizidi humuua mbwa.

Tano, chakula. Mbwa wa kwetu hahitaji makopo ya dukani. Ugali, hata ule ukoko wa sufuria, ukichanganywa na omena waliochemshwa bila chumvi, au na mchuzi wa mifupa au matumbo kutoka kwa mwenye bucha, ni chakula kizuri. Watu wa Migori na Homa Bay mmekaa kando ya ziwa. Makapi ya omena ambayo mwenye duka huyatupa yatamlisha mbwa kwa wiki. Kilebu ale mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Mbwa mzima mara moja au mbili. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, kwani huvunjika kama sindano na kumchoma matumbo. Vitunguu pia vinamdhuru. Na maji safi yawepo wakati wote. Wengi wetu husahau maji.

Sita, malazi. Vipande vya mabati au mbao, nyasi kavu chini, mlango usioelekea upepo. Haitakiwi nyumba ya fahari. Msimfunge mnyororo mfupi usiku na mchana, maana mbwa wa namna hiyo huwa mkali kwa kila mtu, hata kwa mtoto wa nyumbani. Afungwe mchana wageni wanapoingia, na usiku aachwe ndani ya ua azunguke. Mkiwa na ua wa miiba, tazameni matundu ya chini.

Saba, jina. Utacheka, lakini mbwa aliyepewa jina huitika, na anayeitika hurudi nyumbani. Mfungieni pia mshipi shingoni, hata wa kitambaa, ili kila mtu ajue huyu ana mwenyewe. Mkimwongezea mpigo wa rungu kila akikosea, atajifunza kuogopa tu; mkimpa tonge kila akitii, atajifunza kutii.

Nane, na hili ndilo wengi hulikwepa, azuiwe kuzaa ovyo. Dume huhasiwa na jike hufungwa uzazi, na kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo. Kama gharama ni kubwa kwa mtu mmoja, majirani watano au sita mwiteni daktari pamoja, mgawane nauli yake. Mpaka siku hiyo ifike, jike akiwa kwenye joto afungiwe ndani kwa wiki tatu. Ukiokoa kilebu mmoja jike kisha ukamwacha azae vilebu sita wanaorudi mtaroni, hujaokoa kitu. Umejaza tena lile boksi la sabuni.

Mtu akiumwa

Kateni sehemu hii mkaibandike ukutani. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, awe wa jirani au wa soko, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tazameni saa, msikisie. Msipake majivu, mafuta ya taa, wala dawa ya mizizi. Kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama hospitali iliyo karibu haina, ulizeni palipo nayo kabla jua halijatua. Chanjo hutolewa kwa sindano kadhaa, kila moja kwa tarehe yake, na mtu asiache katikati kwa kuwa kidonda kimepona.

Mbwa aliyeuma, kama ana mwenyewe na anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kuchunguzwa kwa siku kumi chini ya afisa wa mifugo. Mkikimbilia kumuua na kumtupa, mmepoteza nafasi ya kujua alikuwa mgonjwa au la. Lakini mtu asingoje siku hizo kumi ndipo aende hospitali.

Chanjo hii si jambo la kubahatisha. Ilianza mwaka wa 1885 huko Ufaransa, pale Louis Pasteur alipomdunga mvulana wa miaka tisa aliyekuwa ameumwa vibaya, na mvulana yule akaishi hadi utu uzima. Siku ya kukumbuka kifo cha Pasteur, tarehe 28 Septemba, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na wakati huo mara nyingi huwa na chanjo za mbwa bila malipo katika kaunti kadhaa. Tegeni sikio redioni na kwa chifu.

Na paka je?

Msimsahau nyau. Ghala la mahindi likishajaa, panya hawahitaji mwaliko, na sumu ya panya karibu na watoto ni hatari. Paka mmoja aliyelishwa vizuri na kulala ghalani hufanya kazi kubwa. Naye hubeba mimba kwa miezi miwili hivi na kuzaa ovyo, naye anaweza kupata kichaa, hivyo achanjwe kama mbwa. Na tuache kuwatesa paka weusi kwa visingizio vya uchawi. Paka mweusi ni paka mwenye manyoya meusi, basi.

Kazi ya kijiji

Najua wapo watakaosema: sisi hatuna pesa za kujilisha, utatuambia tulishe mbwa? Swali ni la haki, na simlaumu anayeuliza. Lakini mbwa wa soko tayari mnamlisha. Analishwa na mapipa yenu, kuku wenu na mayai yenu. Tofauti ni kwamba mnamlisha bila kumchanja, na bila yeye kuwalindia chochote. Boma moja likichukua mbwa mmoja, basi, soko linapungukiwa na mmoja, na boma linapata mlinzi. Haba na haba hujaza kibaba.

Na asiyeweza kuchukua mbwa bado ana la kufanya. Mwenye bucha aweza kufunika pipa lake. Mwalimu aweza kuwafundisha wanafunzi wasikimbie mbele ya mbwa, wasimguse anapokula au anaponyonyesha, na wasifiche wakiumwa. Mchungaji wa kanisa na padri waweza kutangaza siku ya chanjo baada ya ibada. Chifu aweza kuliweka jambo hili katika baraza. Na sote tukumbuke kuwa sheria ya Kenya, sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama, kumpiga kikatili au kumweka bila chakula. Mtoto anayemwagia mbwa maji moto huku watu wazima wakicheka anajifunza jambo, na siku moja atalifanyia mtu.

Wazee walisema mchezea mbwa humfuata msikitini. Walikuwa wakituonya kwamba ukimzoeza jambo huwezi kulikimbia baadaye. Nami naongeza: ukimzoeza mbwa kukufuata, kubali kuwa sasa ni wako. Mlishe, mchanje, mfungie uzazi, mwite kwa jina. Ukiona huwezi, mtafutie jirani anayeweza, ukamkabidhi mkononi mchana kweupe. Ila usimweke kwenye boksi usiku ukaenda zako.

Basi, mama, mtoto akirudi mbio na swali lake, usimwambie amuulize baba yake. Waite wote wawili, mkae, mwamue. Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.